Kodi ya Kitu cha Bure

Dada yangu aliitwa ofisi ya kodi asubuhi, mchana akawa amesimama mlangoni kwangu na viatu vya kanisani miguuni. Kuvaa viatu vile siku ya kazi kulinitosha kujua kwamba mambo si mazuri.

"Wanasema nimeuza sana," akasema.

"Umeuza nini?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe."

Dada alikuwa na duka la vitenge na sare za shule pale Makanyagio, Mpanda mjini. Fremu moja, cherehani mbili, mashine moja ya kushonea vifungo, rafu za mbao alizozipigilia marehemu mume wake. Duka hilo ndilo lililowasomesha wanawe, ndilo lililonilisha mimi nilipokuwa sina mbele wala nyuma, na ndilo lililokuwa likimnunulia mama yetu dawa za presha kule Katumba. Hatukuwa na kitu kingine. Wengine wana ng'ombe, wengine wana mashamba ya tumbaku, sisi tulikuwa na fremu ya dada.

Ili ieleweke dada aliuzaje bila kuuza, inabidi nieleze kazi yangu, na hapo huwa nachoka kabla sijaanza. Ukisema Mpanda kwamba unatengeneza programu za simu, mtu anakutolea simu iliyopasuka kioo. Ukimwambia siyo hiyo, anakuletea ya shemeji yake iliyofungwa nywila. Shangazi yetu mpaka leo anawaambia watu kwamba mimi ni fundi simu mvivu.

Kilichonifanya niandike ile programu ni mpunga wa huyo huyo shangazi. Nilikwenda Majimoto msimu mmoja kumsaidia kuuza. Mnunuzi alikuwa na mizani ya kidijiti, zile za bei rahisi za kuning'iniza, na kioo chake alikuwa amekigeuzia kwake. Gunia linapanda, mnunuzi anachungulia, anataja uzito, kijana wake anaandika, gunia linashuka. Shangazi amesimama upande wa pili kama mtu aliyekuja kushangaa tu. Nikamuuliza mnunuzi kwa nini asigeuze kioo. Akanijibu, "Kwani nyie mnasoma mizani au mnauza mpunga?" Nilirudi Mpanda na hasira mpaka nikashindwa kula.

Mizani zile nyingi zina uwezo wa kurusha uzito kwenye simu iliyo karibu, ila kila mtengenezaji ana namna yake ya kurusha. Nikaandika programu ya kuzielewa karibu zote. Mkulima anaifungua kwenye simu yake janja ya bei rahisi, gunia likipanda simu inautamka uzito kwa sauti, kwa Kiswahili, watu wote pale wanasikia. Basi. Hakuna uchawi hapo.

Nikaiweka mtandaoni ikiwa wazi, na maandishi yake yote ya ndani. Ndiyo maana ya programu huria. Anayetaka anaichukua, anayejua anaisoma na kuirekebisha, anaigawa kwa mwingine, haombi ruhusa na halipi. Watu waliniona mjinga. Mwenye steshenari niliyokuwa nachapia barua na kutoa kopi aliniambia kwa nini usiiuze, utajenga. Lakini nilijua kabisa kwamba nikiiuza, atakayeinunua ni mwenye mizani, siyo mwenye mpunga.

Ikaenea mahali ambako sikutarajia. Warina asali wa huku kwetu wakaichukua. Mwanamke mmoja mwenye kiwanda kidogo cha mikate, katika nchi ambayo nikitamka jina lake ulimi unakwama, akaibadilisha lugha akawa anapimia unga. Watu walinitumia picha. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki steshenari, natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, na huko duniani mizani zinaongea.

Halafu zikaja simu mpya. Mambo ya ndani yakabadilishwa na wakubwa wanaotengeneza simu, na programu yangu ikanyamaza kwenye kila simu mpya. Ujumbe ukaanza kumiminika: haifanyi, imekufa, tufanyeje. Kuirekebisha kulihitaji miezi ya kukaa chini, na simu za kujaribia, na kompyuta isiyozimika kila umeme ukiyumba. Mwenzangu mmoja wa ughaibuni, ambaye namfahamu kwa maandishi tu kwa sababu tumekuwa tukirekebisha programu hii pamoja, akaniandikia: changisha. Fungua ukurasa, waambie watu ukweli, wanaoitumia watachanga.

Nikafungua. Na hapa ndipo malezi yetu yalipoingia.

Kwetu mwenye shughuli hashiki hela. Uwe unaoa, uwe umefiwa, michango inakwenda kwa mhazini, naye anaandika jina la kila mtu, hata aliyetoa sabuni. Anayejichangishia mwenyewe mfukoni mwake anaitwa ombaomba, na akikosea kidogo anaitwa mwizi. Sikuwaza hata mara mbili. Mhazini alikuwa dada. Alikuwa anashika hela za akina mama wa kanisani kwetu kwa miaka, na katika watu wote wale wanaopenda kunong'ona, hakuna aliyewahi kunong'ona juu yake. Nikaweka kwenye ukurasa namba ya malipo ya duka lake. Wa hapa nchini wakachangia huko moja kwa moja. Wa nje wakamtumia yule mwenzangu, naye akawa anazituma moja moja, kila mchango na jina la mwenyewe.

Dada akafanya kazi ya uhazini kama alivyofundishwa. Tangu aanze kushonea shule moja sare, alikuwa amenunua mashine ya risiti, na alikuwa ameambiwa kwa ukali kabisa: hela ikiingia dukani, risiti itoke. Basi kila mchango ulipoingia, alitoa risiti. Mashine inataka ujaze umeuza nini, na yake ilikuwa imezoea neno moja, akabonyeza hilo hilo. Sare. Akapiga picha ya risiti, akanitumia, nikaiweka mtandaoni chini ya jina la aliyechanga. Watu walifurahi ajabu. Mmoja akaandika kwamba amechangia mambo mengi maishani lakini hajawahi kuletewa karatasi yenye tarehe na saa. Mimi na dada tulicheka, tukajiona watu safi.

Kwenye kumbukumbu za kodi, dada yangu alikuwa ameivalisha sare nusu ya dunia.

Mara ya pili alipoitwa nilikwenda naye. Afisa alikuwa kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi, akatutafutia kiti cha pili kutoka chumba cha jirani. Akamwonyesha dada kwenye kompyuta.

"Mama, hizi risiti ni za mashine yako?"

"Ni zangu."

"Na hizi sare uliziuza?"

"Sikuuza hata moja."

"Sasa kwa nini ulitoa risiti?"

"Kwa sababu nyie ndio mlisema tutoe," dada akasema, na hakuwa anajibu jeuri. Alikuwa anajibu kama mwanafunzi aliyefanya zoezi lake.

Afisa akapangusa uso. Akatueleza bila kutudharau kwamba mfanyabiashara mdogo anatozwa kulingana na mauzo, na mauzo ya dada yalikuwa yamepanda ghafla kuliko duka lolote mtaani kwake. Akataja kiasi, pamoja na faini na riba ya muda uliopita. Nilimwangalia dada, alikuwa anatazama mikono yake. Hata angeuza kila kitenge kilichokuwa kwenye rafu kwa bei yake halali, hela isingezidi sana kiasi kile. Na hela zenyewe za michango hazikuwepo tena. Zilikuwa zimekuwa kompyuta iliyotumika, simu mpya za kujaribia, bando, na ugali wangu wa miezi yote ile niliyoacha steshenari. Programu ilikuwa imepona. Sisi ndio tulikuwa tunaugua.

"Hii ilikuwa michango," nikasema. "Ni zawadi. Watu walijitolea."

"Kaka, mimi naweza kukuamini," akasema. "Lakini karatasi zinasema mauzo. Nileteeni barua za hao waliotoa. Waseme walitoa nini na walipata nini. Kama walitoa tu na hawakupata kitu, nitakuwa na pa kuanzia kuzungumza na mkubwa wangu."

Nilitoka pale nimepata uhai. Barua! Watu wale walikuwa tayari kuniandikia hata bila kuombwa. Jioni ile ile nikaanza kuandaa ujumbe, na nilitaka kuwawekea mfano wa kunakili: mimi fulani nilitoa kiasi fulani na sikupata chochote. Dada akakataa.

"Usiwawekee watu maneno mdomoni. Hiyo ni kuidanganya serikali."

"Dada, ni mfano tu."

"Waandike wenyewe. Ukweli unajulikana."

Sikubishana naye. Nitaeleza kwa nini. Mama yetu aliletwa nchi hii akiwa mtoto, mgongoni, wakikimbia vita kwao. Amekulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, amelima Katumba, ametuzaa Katumba, na amekaa miaka mingi sana akiwa mgeni wa watu kabla ya kupewa uraia. Cheti chake anakihifadhi kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko wa nailoni, mfuko kwenye sanduku. Kwa watu waliozaliwa na karatasi, kudaiwa na serikali ni usumbufu. Kwa mama yetu ni tetemeko la ardhi. Alitulea tukiamini kwamba familia kama yetu inatakiwa iwe safi kupita wenye nyumba. Dada ameyashika hayo kuliko mimi.

Basi nikaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: tafadhali eleza kwa maneno yako ulichotoa na ulichopata. Majibu yakaja kwa kasi hata nikaogopa chaji itaisha.

Nilianza kusoma nikitabasamu. Mrina asali wa upande wa Inyonga aliandika kwamba tangu apate programu hii hajaibiwa hata kilo, na kile alichochanga kimemrudia mara nyingi. Mwanamke wa mikate aliandika kwamba kwake yeye programu hii ina thamani kuliko fedha aliyotoa, na kama ingekuwa inauzwa angenunua kwa bei kubwa zaidi. Mkulima mmoja wa mpunga aliandika, "Nilitoa kidogo nikapata kikubwa, Mungu akubariki." Mwingine akasema ile ilikuwa hela aliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka ule. Barua baada ya barua. Nilipofika kama ya kumi tabasamu lilikuwa limekauka usoni. Kila mtu alikuwa amepata kitu. Kila mtu alikuwa anajisifia alichopata. Walidhani wananitetea. Sijawahi kupendwa namna ile maishani, na sijawahi kuuogopa upendo namna ile.

Kulikuwa na wachache, labda wanne, waliosema hawaitumii programu, walichangia tu kwa moyo. Nikamwambia dada tupeleke hao.

"Na wengine?"

"Wengine tuwaache."

"Mhazini anachagua karatasi za kusoma kwenye kikao?"

"Dada, duka litaondoka!"

"Peleka zote."

Tukapeleka zote. Afisa alizisoma moja moja, na mimi nilikuwa namwangalia anavyozisoma, nikiomba achoke aishie njiani. Hakuchoka. Kuna moja ilimchekesha kidogo, akajizuia. Alipomaliza akazipanga vizuri, akaziweka juu ya meza.

"Kaka, hawa karibu wote wanasema wamepata kitu."

"Walikuwa wanashukuru."

"Naelewa. Lakini mtu akitoa hela, akapata kitu, akapewa na risiti..." Akafungua viganja.

Nikapandisha sauti. Nikamwambia kwamba na yule asiyetoa hata shilingi amepata kitu kile kile, hakuna tofauti hata ya nukta, kwamba wewe hapo ulipo ukitaka unaichukua sasa hivi bure, sasa aliyenunua amenunua nini? Dada akanigusa goti nikae. Afisa alifikiri kweli, namshuhudia hilo. Akasema taratibu, "Hilo ulilosema sina mahali pa kuliandika."

Akatuambia tunaweza kuweka pingamizi. Ila ili pingamizi lisikilizwe, sehemu ya deni inalipwa kwanza. Na hata hiyo sehemu ingetaka tuuze cherehani na nusu ya mzigo, na hapo duka halipo tena.

Sikumchukia yule kijana. Nilitamani sana nipate mtu wa kumchukia, ningeweza kulala. Nilizunguka Mpanda nzima na aibu yangu. Mwenye steshenari aliniambia hana, na nilimwamini. Ndugu walitupa pole nyingi. Siku moja kwa kuchanganyikiwa nikafungua tena ule ukurasa wa michango, nikaandika: ndugu wachangiaji, naombeni michango ya kulipia kodi ya michango. Nikaisoma. Nikafikiria hizo nazo zitaingia wapi, kwa namba ya nani, na mwakani ataitwa nani. Nikafuta, nikafunga kompyuta, nikalia kama mtoto, mchana kweupe, mlango wazi. Jirani alichungulia akadhani nimefiwa. Sikumkatalia.

Dada akaniambia twende kwa mama, asije akasikia barabarani. Tulimkuta anapukuchua mahindi. Tulimweleza kwa kupunguza, lakini mama hapunguziwi. Aliacha mahindi.

"Yoo, mwana wanje, mwanangu," akamwambia dada. "Watu walitoa, wakapokelewa, wakashukuru. Deni limetoka wapi tena?"

Mimi nikaanza mambo ya pingamizi, kwamba kuna njia, kwamba sheria inaruhusu mtu kupinga. Mama akaniwahi.

"Msipingane na serikali."

"Mama, siyo ugomvi, ni haki tu ya..."

"Wewe umepata akili umekuta karatasi ipo," akasema. "Mimi najua kukaa bila hiyo karatasi kulivyo. Lipeni. Lipeni mtoke."

Hapo nikajua imekwisha. Ningeweza kumshinda afisa, ningeweza pengine kumshinda na mkubwa wake, lakini sikuwa na uwezo wa kushinda hofu ya mama yangu. Tulirudi mjini kwenye bodaboda, dada mbele, mimi nyuma na mfuko wa mahindi mapajani.

Akapatikana mfanyabiashara wa Majimoto aliyetaka mzigo wote kwa mpigo. Bei aliyotoa ilikuwa ya kumtukana mtu, lakini pamoja na cherehani na ile mashine ya kushonea vifungo iliyokuwa bado mpya, ilitosha kumaliza deni. Mwenye fremu akaambiwa atafute mpangaji mwingine. Nilikwenda kusaidia kufunga mzigo. Nilikuta dada ameshashusha sare zote, amezifunga kwa kamba kwa ukubwa wake, za darasa la kwanza juu. Tukaanza vitenge.

Katikati ya kazi akasimama na doti mkononi.

"Hebu nikuulize. Kwa nini usiiuze tu hiyo programu? Sasa hivi. Si wamesema wenyewe ina thamani, wangeinunua hata kwa bei kubwa?"

"Haiuziki, dada."

"Basi ifunge. Anayetaka alipe ndiyo umfungulie."

"Haifungiki. Kila mtu anayo tayari, na nilishawapa haki ya kumpa mwingine. Nikifunga mlango wangu wanachukua kwa jirani."

"Hata wewe mwenyewe uliyeitengeneza?"

"Hata mimi."

Alikaa kwenye kile kibenchi cha wateja. Alikuwa anajaribu kuelewa kwa moyo wake wote, na ndicho kilichoniuma. Angekuwa ananikejeli ningevumilia.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mimi nimelipishwa kwa kuuza kitu ambacho mwenyewe hasa hawezi kukiuza."

Nje mtu alisimamisha baiskeli akauliza kama kuna sketi ya shule ya mtoto wa la tatu. Dada akamwambia tumefunga, mama, pole. Yule mwanamke akaangalia mafungu ya sare sakafuni, akamwangalia dada, akaondoka.

"Inafanya kazi lakini?" dada akaniuliza. "Kwenye hizo simu mpya?"

"Inafanya."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

"Haya. Shika huko."

Nikashika ncha za kitenge upande wangu, yeye akashika za upande wake, tukakivuta kikanyooka, tukakunja. Nilikuwa naomba anitukane, anifukuze, anipige hata kofi moja. Hakunipa hata hilo. Akachukua kingine, akanirushia ncha, tukakunja.